Mgeni Alivalishwa, Mwenyeji Akaachwa: Nguo na Nywele za Kisangani Mbele ya Kamera

Mwaka 1951 mwongozaji wa filamu John Huston alipiga kambi Biondo, kando ya mto Ruiki, karibu na Ponthierville ambayo leo ni Ubundu. Alikuja kupiga The African Queen, hadithi ya mwaka 1914. Katharine Hepburn, aliyecheza dada wa mmisionari Mwingereza, hakuvalishwa nguo za kubahatisha. Mavazi yake yalibuniwa na Doris Langley Moore, mwanahistoria wa mavazi aliyekuwa akikusanya nguo halisi zilizovaliwa na Waingereza wa enzi zilizopita. Mkusanyo wake ndio uliozaa jumba la makumbusho ya mavazi lililofunguliwa mjini Bath mwaka 1963. Kwa hiyo ile shingo iliyofungwa hadi juu, ile sketi ndefu na ile kofia ya jua vilitoka mikononi mwa mtu aliyejua mwanamke wa 1914 alivaa nini, kuanzia nguo za ndani hadi za nje.

Waafrika wa filamu ile hawakupata Doris Langley Moore wao. Hilo ndilo jambo linaloniuma kila ninapotazama filamu na tamthilia za televisheni zinazodai kuonyesha Kongo ya zamani: mgeni huvaa mwaka wake, mwenyeji huvaa “Afrika” isiyo na mwaka. Kitambaa chochote kinamtosha, msuko wowote unamfaa, kana kwamba watu wa Mto Kongo walikuwa nje ya kalenda.

Miaka saba baadaye kamera zilifika Stanleyville yenyewe, yaani Kisangani ya leo. Mwaka 1958 mwongozaji Fred Zinnemann alipiga hapa sehemu za The Nun’s Story, iliyoonyeshwa kuanzia 1959, na akavuka hadi kituo cha wagonjwa wa ukoma cha Yakusu. Audrey Hepburn alikuwa Sista Luke, muuguzi Mbelgiji anayefika Kongo kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Marjorie Best alishughulikia mavazi, na kazi yake ni ya kusifiwa: mavazi meusi ya utawani Ulaya, meupe katika joto la huku, kila mkunjo wa shela mahali pake. Wahusika wa Kiafrika wanaokumbukwa, Kalulu na Illunga, walichezwa na Orlando Martins wa Nigeria na Errol John wa Trinidad. Wenyeji wa mji walibaki kuwa umati nyuma ya sista.

Lakini mtu wa Stanleyville wa 1958 hakuwa mtu wa Stanleyville wa 1930. Mwaka huohuo wa 1958 mji ulijaa makarani wenye suti, tai na miwani, na mwezi Oktoba mmoja wao wa zamani, Patrice Lumumba, aliyefanya kazi posta hapa hadi 1956, alishiriki kuanzisha MNC, chama cha kudai uhuru. Kati ya mwaka hadithi inapoanza na mwaka kamera zilipokuja, vilikuwa vimepita vita, mishahara ya mjini, baiskeli, cherehani katika kila mtaa na vitenge vya waksi kutoka Uholanzi na Manchester vikibadilika nakshi mwaka hadi mwaka. Ukimtoa mkazi wa mtaa wa Mangobo barabarani ukamweka katika hadithi ya babu yake bila kuuliza babu alivaaje, umewadhulumu wote wawili.

Tukirudi nyuma zaidi kosa linakuwa kubwa. Filamu The Legend of Tarzan ya 2016 imesimama juu ya watu wawili waliofika hapa kweli. George Washington Williams, Mmarekani mweusi aliyemshitaki Mfalme Leopold wa Ubelgiji mbele ya dunia, aliitia barua yake ya wazi tarehe ya 18 Julai 1890, Stanley Falls, yaani hapa. Léon Rom naye alikuwa mkuu wa kituo hikihiki katika miaka ya 1890, na habari za vichwa vya watu vilivyopangwa kuzunguka bustani yake ya maua zilifika magazetini Ulaya. Filamu ilipigwa zaidi studio Uingereza, na mandhari ikachukuliwa Gabon. Samuel L. Jackson na Christoph Waltz wakawacheza watu hao, na Mwafrika anayekabiliana na Tarzan, chifu Mbonga, akavikwa ngozi ya chui.

Stanley Falls ambayo Williams aliiona ilikuwa mji wa kanzu. Mfanyabiashara wa Zanzibar Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el-Murjebi, alikuwa amefanywa wali wa hapa mwaka 1887. Alikuwa ameshaondoka kurejea Zanzibar Williams alipofika, lakini watu wake, Wangwana, walibaki. Walivaa kanzu na kofia, wakubwa wakaongeza joho, kilemba na jambia. Merikani na kaniki vilikuwa nguo na vilikuwa pesa: mtu alilipwa kwa kitambaa, akakata pande avae, akabakiza pande anunulie chakula. Kandokando yao walikuwapo wavuvi Wagenya na watu wa bara waliovaa magome ya mti yaliyopondwa na kujipaka unga mwekundu wa ngula. Wakaja askari wa Force Publique, jeshi la Leopold, na sare zao za buluu, mkanda mwekundu kiunoni na tarbushi nyekundu kichwani. Hebu fikiria rangi hizo zote katika gati moja la mitumbwi. Mbunifu gani wa mavazi asingeitamani kazi hiyo? Mimi naona huu wa 1890 ndio mwaka mmoja wa Kisangani unaostahili tamthilia nzima, na bado haujapewa hata saa moja ya haki.

Nywele zina kesi yake. Kati ya 1909 na 1915 Herbert Lang na James Chapin walipita Stanleyville wakielekea Ituri na Uele kwa ajili ya jumba la makumbusho ya viumbe la New York. Lang alirudi na picha zipatazo 10,000. Zilizojulikana kuliko zote ni za wanawake wa Kimangbetu: kichwa kilichorefushwa kwa kufungwa tangu uchanga, nywele zimevutwa juu na nyuma, zikasukwa kuzunguka kiunzi chepesi hadi zikafunguka kwa juu kama sahani, zikashikwa kwa vibanio vya pembe za ndovu. Ni kazi ya ustadi mkubwa, iliyohitaji saa nyingi na mikono ya zaidi ya msusi mmoja.

Baadaye msuko huo ukageuzwa nembo ya Kongo nzima, katika kadi za posta, sanamu na mabango. Wamangbetu ni watu wa Niangara, Rungu na Isiro, mamia ya kilomita kutoka hapa. Ukimvisha mwanamke wa Kilokele, wa huku mtoni, msuko ule ili watazamaji wajue wako Kongo, umemfuta. Mtopoke wa hukuhuku wa miaka ya 1930 angetambulika kwa chale zilizoinuka usoni, ambazo mpiga picha Casimir Zagourski alizipiga picha, na fundi wa vipodozi anaweza kuziiga leo kwa uangalifu.

Picha nazo zisomwe kwa macho makali. Zagourski aliuita mfululizo wa kadi zake “Afrika Inayotoweka”, na mtu anayetafuta kinachotoweka hageuzi lenzi kwa msichana mwenye kikwembe kipya kilichoshuka juzi kutoka melini. Watu walipangwa na kusimamishwa. Mbunifu anayenakili kadi moja bila kuilinganisha na picha za familia, za misheni na za kazini atanakili pia matakwa ya mpiga picha.

Enzi za karibu hazina hata udhuru wa uhaba wa picha za kuaminika. Mji uliitwa Kisangani rasmi mwaka 1966. Kitambaa chenye mwenge wa MPR, chama cha Rais Mobutu, hakiwezi kuonekana kabla ya 1967, maana chama hakikuwapo. Ukitunga hadithi ya 1974, tai shingoni mwa ofisa ni kosa: huo ulikuwa wakati wa abakosti, suti isiyo na tai, na wanawake walikatazwa suruali, sketi fupi na mawigi. Nywele zilisukwa kwa uzi mweusi, zikasimama kama miale au kuinama kama daraja. Tai zikarudi baada ya hotuba ya Mobutu ya 24 Aprili 1990. Mashabiki wa vitambaa wa rika la mama zangu wangeyagundua makosa haya kabla sentensi ya kwanza ya mwigizaji haijaisha.

Mwongozaji Raoul Peck alionyesha kwamba usahihi unawezekana. Katika filamu Lumumba ya mwaka 2000 alilazimika kupiga picha Zimbabwe na Msumbiji kwa sababu ya vita, hali Kisangani ilikuwa ikipigwa mizinga na majeshi ya Rwanda na Uganda. Hata hivyo Eriq Ebouaney, anayemcheza Lumumba, anaingia na miwani ile, ndevu zile za kidevuni, mstari ule wa nywele, na mtu aliyemwona Lumumba kwa macho yake hapati cha kulalamikia. Ila Lumumba alipigwa picha na dunia nzima. Kazi ngumu ni ya mama aliyeuza samaki sokoni siku Lumumba alipokamatwa Stanleyville, Novemba 1959, kwa sababu picha yake, kama ipo, iko ndani ya sanduku la mjukuu.

Na masanduku hayo yanapungua. Mengine yalipotea katika uasi wa 1964, mengine katika siku sita za vita vya Rwanda na Uganda mjini, Juni 2000. Mji huu una watengeneza filamu wa kweli. Dieudo Hamadi aliyezaliwa hapa aliwafuata waathirika wa siku hizo sita hadi Kinshasa katika En route pour le milliard, filamu ya 2020. Siku mtengeneza filamu wa hapa atakapotaka kupiga hadithi ya 1890 au ya 1959, mafundi cherehani na wasusi wakongwe wa Mangobo, Kabondo na Lubunga waajiriwe kama wataalamu na majina yao yaandikwe mwishoni mwa filamu, kama linavyoandikwa la mbunifu wa Ulaya. Wewe msomaji, ikiwa una picha ya bibi yako ukutani, muulize aliye hai anayemjua. Kisha andika nyuma yake kwa penseli: mwaka, mtaa, jina la kitambaa, jina la msuko na jina la aliyemsuka.