Nani Ameilipia Barabara ya Mchombe

Mchombe ni kata ya mpunga katika Halmashauri ya Mlimba, kando ya barabara itokayo Ifakara kwenda Mlimba. Milima ya Udzungwa iko upande mmoja, tambarare ya mto Kilombero upande wa pili. Masika, maji yashukayo mlimani huikata barabara kabla hayajafika mtoni. Kiangazi, malori ya mpunga humalizia kilichobaki. Mgeni anayekwama hapo huondoka akiamini kwamba barabara hiyo haina wa kuilipia. Anakosea. Watu wa bonde hili wameilipia kwa zaidi ya miaka 100: kwa jasho, kwa kichwa, kwa gunia, na sasa kwa lita. Kilichobadilika ni umbali kati ya anayelipa na kipande kinachotengenezwa, na umbali huo haujaacha kukua.

Njia kuu ya kwanza ya bonde ilikuwa maji. Wandamba walichonga mitumbwi, na mchele ulifika Ifakara kwa mto, njia isiyodai kufukiwa mashimo. Barabara ilikuja pamoja na dola, na dola ilikuja na kodi. Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini, asiye na rupia alilipa kwa nguvu zake, na nguvu hizo ziliishia mara nyingi kwenye kufyeka njia. Waingereza waliendeleza mtindo huo: chini ya kodi ya nyumba na kichwa, aliyeshindwa kulipa aliweza kupelekwa kuitumikia kodi yake katika kazi za serikali. Wapo wanaousifu utaratibu huo kwa sababu mitaro ilizibuliwa kwa wakati. Sifa hiyo inasahau kwamba siku iliyokwenda barabarani ilitolewa shambani, na daftari la boma halikuiandika kama gharama. Barabara ilionekana rahisi kwa kuwa mlipaji wake hakuhesabiwa. Ila hata mkulima aliyeonewa hivyo alikijua kipande alichokilipia. Jembe lake lilikuwa limepita hapo.

Baada ya uhuru uzi huo kati ya mlipaji na kipande chake ulikatwa mara kadhaa. Kodi ya kichwa ilifutwa mwaka 1969, na hakuna wa kuililia. Mwaka 1972 sera ya Madaraka Mikoani ikazifuta halmashauri za wilaya zenyewe. Ziliporudi mwaka 1984 zilikuja na kodi ya maendeleo, kodi ya kichwa kwa jina jingine, iliyokusanywa kwa mgambo na kukimbiwa kwa kujificha mashambani hadi ilipofutwa mwaka 2003. Katikati ya mambo hayo ilikuja reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ikapita humu humu bondeni. Mtu anaweza kuuliza kama penye reli barabara ya udongo ina uzito gani. Inao, kwa sababu treni husimama stesheni, na mpunga haukui stesheni. Reli iliyafungua masoko ya mbali. Ikaiachia barabara kazi ya kuufikisha mzigo hadi relini, na njia za mashambani zikazidi kukanyagwa.

Mfumo wa leo umejengwa juu ya mafuta. Sheria ya tozo ya barabara na mafuta ya mwaka 1985, iliyorekebishwa mwaka 1998, ndiyo iliyoleta Mfuko wa Barabara na Bodi yake. Kwa muda mrefu mgawo ulikuwa asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa, ambazo tangu 2000 ziko chini ya TANROADS, na asilimia 30 kwa barabara za wilaya, ambazo tangu Julai 2017 ziko chini ya TARURA. TANROADS ina zaidi ya kilomita 36,000. TARURA zaidi ya 144,000. Watetezi wa mgawo huo wanasema magari mengi na mazito yako kwenye barabara kuu, na wanasema kweli. Mwaka 2021 serikali iliongeza shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya TARURA, ikikiri kwamba mgawo pekee hautoshi. Lakini tozo haiulizi lita imechomwa wapi. Dizeli ya trekta na ya powatila, iliyoungua katikati ya jaruba, nayo imechangia lami ambayo mwenye jaruba huenda asiikanyage mwaka mzima.

Simaanishi kwamba tozo ya mafuta iondolewe. Kapu la taifa ni la haki: bila hilo, kata yenye mvua nyingi na magari machache isingelionja greda. Ninachodai ni kidogo zaidi. Lori la mpunga likitoka Mchombe hulipa ushuru wa mazao, ambao kwa mazao ya chakula ulipunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 2. Kisheria mlipaji ni mnunuzi, ingawa kila muuza mpunga anajua unamegwa katika bei ya nani. Sehemu ya fedha hiyo ingefaa ifungwe kwenye njia ambazo mzigo huo umezibomoa. Nitajibiwa kwamba mapato ya ndani ya halmashauri yameshagawanywa: madarasa, zahanati, asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Ni jibu zito, lakini linausahau mpunga wenyewe. Njia isipopitika mnunuzi haji, asipokuja hakuna ushuru, na hizo zahanati zitakosa pa kuchotea.

Ugumu halisi uko kwingine. Zamani mhandisi na mweka hazina walikuwa watumishi wa halmashauri moja. Tangu 2017 mhandisi wa barabara ni mtu wa TARURA, na hesabu ya magunia, ambayo ndiyo kipimo cha karibu zaidi cha uzito uliopita juu ya udongo, imebaki kwenye geti la ushuru la halmashauri.