Neno Dogo Lamshinda Injinia

Sisi wa Kanyaruchinya, tukaao chini ya mlima Nyiragongo, twajua taabu ya maji. Mvua hunyesha kwa wingi, lakini mawe yetu ya volkano yana matundu, nayo maji hupotea chini upesi. Basi kijana wetu asomaye uinjinia aiona kazi mbele yake: pampu na mabomba. Yeye hujifunza kwa Kifaransa. Lakini karatasi iliyomo ndani ya sanduku la pampu mara nyingi ni ya Kiingereza. Tena tangu mwaka 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako Kiingereza ni lugha ya maofisi.

Wengi hudhani kwamba kijana huyu atashindwa na maneno marefu ya ufundi. Sivyo. Tutazame mambo yaliyopita, nayo yatatufundisha.

Mwaka 1922 shule ya ufundi ilifunguliwa Makerere, katika Uganda. Vijana walifundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Katika kazi za namna hii, neno huja mkononi pamoja na chombo chake. Ndivyo mafundi wa Afrika Mashariki walivyopata spana, nati, bolti na gia, bila kufungua kamusi. Neno lenye chombo chake si gumu.

Miaka ikapita. Mwaka 1973 kitivo cha uinjinia kilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Hapo kazi ilikuwa ya vitabu na hesabu, siyo ya nyundo tu. Nayo serikali ya Tanzania ilikuwa imeamua mwaka 1967 kwamba shule za msingi zifundishe kwa Kiswahili. Watoto wale walipofika chuoni, walikuwa wamefundishwa kwa Kiingereza tangu sekondari tu. Mwaka 1978 chuo kilianzisha idara ya kuwasaidia wanafunzi kusoma na kuandika Kiingereza cha masomo yao.

Taabu hii haikuwa ya Dar es Salaam peke yake. Mwaka 1965 mwalimu Mwingereza, A. J. Herbert, alitoa kitabu juu ya Kiingereza cha mafundi. Naye John Swales, aliyefundisha Libya na baadaye Khartoum, alitoa chake mwaka 1971. Herbert alionyesha jambo la ajabu kidogo: majina ya mashine siyo yamsumbuayo sana mwanafunzi. Yamsumbuayo ni maneno ya kila siku yaliyopewa maana nyingine na mainjinia. Mwanafunzi huyaona, hudhani anayajua, hupita.

Tujaribu kwetu. Twasema “nguvu” ya mtu, “nguvu” ya maji, “nguvu” ya umeme. Kiingereza hakikubali. Chasema “force”, “energy”, “power”, “pressure”, na kila neno lina mpaka wake. Kiswahili cha vitabu kina kani, nishati na kanieneo, lakini sokoni sote twasema nguvu. Haya, tangi liko mita 60 juu ya pampu. Kuyapandisha maji mita 10 kwahitaji “pressure” ya bari moja hivi. Basi zahitajika bari 6, na zaidi kidogo kwa msuguano wa bomba. Kijana akitazama “power” tu, atanunua pampu yenye wati nyingi, iwezayo kutoa maji tele mahali tambarare. Itanguruma kutwa, na juu halitafika hata tone moja. Akina mama watarudi kubeba madumu.

Hata Kifaransa chaweza kutudanganya. Kwetu “contrôler” ni kukagua. Kwa Kiingereza “control” ni kuongoza. Asomaye “control valve” akadhani ni vali ya kukagulia, ataiacha vivi hivi, kumbe ndiyo iongozayo maji yote.

Tufanyeje basi? Tusimpe mwanafunzi orodha ya maneno mia ayakariri kama kasuku. Kwa kila neno tumwulize: kipimo chake ni nini? “Force” hupimwa kwa nyutoni, “energy” kwa juli, “power” kwa wati, “pressure” kwa paskali au bari. Mwenye kujua kipimo hatachanganya maneno. Tena mwalimu wa lugha na mwalimu wa ufundi waketi pamoja. Mmoja bila mwenzake ni kama jembe lisilo na mpini.

Nanyi vijana, neno mlionalo jepesi, lirudieni mara mbili. Wazee walisema kwamba mwenda pole hajikwai. Msione haya kuuliza. Aibu ya kuuliza hupita siku ile ile, lakini bomba lililo kavu hukaa miaka mbele ya macho ya watu.