Askari wa Risasi wa Mpaka wa Kaskazini

Sanamu ndogo za askari za kusubu, ambazo aghalabu kimo chake huwa kama milimita 54, zilianza Ulaya zikiwa mchezo wa watoto na baadaye zikawa sanaa ya watu wazima wenye subira. Nasi katika makala haya tutazitazama kwa upande mmoja tu, nao ni upande wa askari wa King's African Rifles, yaani KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, aliyelinda Mpaka wa Kaskazini, nchi ambayo miongoni mwa sehemu zake leo ni Garissa, Wajir na Mandera.

Mnamo mwaka 1893 William Britain Mdogo wa London alivumbua njia ya kumimina madini katika kalibu na kuyamwaga upesi kabla hayajaganda yote, hata ikabaki ganda jembamba lenye uwazi ndani. Na kwa kuwa madini machache ndiyo yaliyotumika, bei ilishuka, na kiwanda chake kikauza majeshi ya kila taifa, miongoni mwao seti nambari 225, ya askari wa KAR waendao gwaride, bunduki begani na tarbushi nyekundu kichwani. Kiwanda hicho kiliacha kusubu risasi mwaka 1966, wakati hofu ya sumu yake ilipokuwa imekwisha kuenea. Sanamu za kuunga ni za namna nyingine: hizo zimejaa madini ndani, yaliyochanganywa risasi, bati na antimoni, nazo huja vipande vipande, kiwiliwili mbali, mikono mbali, kichwa na bunduki mbali, bila ya rangi yoyote.

Anayetaka kuunga askari wa mpakani na achague mwaka kwanza, kabla hajagusa tupa, maana mavazi ya KAR hayakuwa mamoja tangu jeshi hilo lilipoundwa tarehe 1 Januari 1902. Askari aliyepelekwa mwaka 1917 kuwaandama Waaulihan, ukoo wa Kisomali ulioongozwa na Abdurrahman Mursaal, baada ya kituo cha Serenli kando ya mto Juba kuanguka mikononi mwao mwezi Februari 1916, alikuwa wa zama za kutembea peku, miguu ikizungushiwa vitambaa vya buluu iliyokoza mpaka karibu na goti, na tarbushi yake ikivikwa kitambaa cha kaki ili isionekane kwa mbali. Ama yule wa Februari 1941, wakati majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Alan Cunningham yalipotoka Garissa na Bura, kando ya mto Tana, kupigana na Waitalia, yakaingia Kismayu tarehe 14 na Mogadishu tarehe 25 ya mwezi huohuo, huyo avikwe kofia pana ya kaki na suruali fupi. Tarbushi nyekundu, ambayo kila mwenye duka aliipenda kwa kupendeza kwake machoni, ilikuwa vazi la gwaride. Kumpeleka nayo askari vitani ni kumwonyesha adui mahali pa kulenga.

Vipande huoshwa kwa sabuni ili mafuta ya kalibu yatoke, kisha mshono ulioachwa na kalibu hukwanguliwa kwa kisu na kulainishwa kwa tupa iliyoloweshwa maji, kwa maana vumbi la risasi ni sumu, wala kazi hii haifai kufanywa jikoni wala mbele ya watoto. Kuunga kuna njia mbili. Mafundi wa zamani walipenda lehemu laini yenye bismathi, iyeyukayo katika joto la sentigredi 70 hivi, chini sana ya joto la kuyeyusha sanamu yenyewe. Wengi siku hizi hutumia gundi ya vimiminika viwili, ambayo katika joto la Garissa huganda upesi kuliko maandishi ya kopo yanavyoahidi, hivi kwamba ni afadhali kuichanganya kidogo kidogo, tena alfajiri.

Rangi ya msingi hupakwa nyembamba, ikaachwa ikauke barabara, na juu yake huja rangi ya mafuta, tabaka juu ya tabaka. Hapa ndipo ustadi unapopimwa, na hapa ndipo viwanda vya Ulaya vilipokosea kwa muda mrefu, kwa kuupaka uso wa Mwafrika weusi mtupu unaong'aa kama lami. Ilhali askari wa KAR, ambao wengi waliokuwa wa Kenya walitoka Ukambani na miongoni mwa Wanandi na Wakipsigis, walikuwa na rangi za kahawia zilizotofautiana, zenye wekundu kidogo chini yake. Basi fundi na aanze na kahawia iliyoungua, aifanye nzito kwa buluu penye kivuli, wala asifungue kopo la rangi nyeusi isipokuwa kwa viatu, kama mwaka aliouchagua unavyo viatu. Kaki nayo hupauka juani, kwa hiyo huongezwa nyeupe mabegani na mgongoni. Zaidi ya hayo, Garissa iko karibu mno na ikweta, chini ya nusu digrii kusini yake, na jua la adhuhuri husimama karibu na utosini. Kwa hiyo kivuli cha kweli huanguka chini ya ukingo wa kofia, chini ya mkanda na katikati ya miguu, si ubavuni kama katika picha za Ulaya. Mchanga wa kitako nao uwe mwekundu kwa Garissa, na mweupe wa chokaa kwa Wajir, mji wa visima.

Mwenye kutaka kuona umbo la askari huyo kwa ukubwa wake aende Nairobi, katika barabara ya Kenyatta, penye sanamu tatu za shaba za mwaka 1928, ya askari wa KAR, ya hamali wa vita na ya askari wa Kiarabu, zilizochongwa na James Alexander Stevenson, aliyechonga pia ile ya Dar es Salaam ya mwaka 1927.

Sanamu iliyokamilika isiwekwe katika kabati la mwaloni, kwa sababu mvuke wa asidi wa mti huo, ukikutana na unyevu, huigeuza risasi ikawa unga mweupe. Hewa kavu ya Garissa huihifadhi vizuri kuliko ya Lamu au Mombasa. Sanduku la kioo na chuma ndilo linalofaa kila mahali.