Kuteua lenzi ya fokasi moja: Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua

HARUSI hairudiwi. Mpigapicha anayetoka ukumbini na picha zenye giza na ukungu hawezi kumwomba bibi harusi avishwe pete upya. Mara nyingi kosa si la kamera, bali ni la lenzi.

Kamera nyingi za dijitali aina ya DSLR zimeuzwa pamoja na lenzi ya kuvuta ya milimita 18 hadi 55. Lenzi hiyo hufaa mchana. Lakini ikivutwa hadi milimita 55, tundu lake la kupitisha mwanga kwa kawaida halipanuki kupita f/5.6.

Lenzi ya fokasi moja haivuti. Anayetaka kukaribia hutembea. Badala yake, ile ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8 hupitisha mwanga takribani mara kumi zaidi, kwani nambari ya f inapopungua ndipo tundu linapopanuka. Palipohitajika 1/15 ya sekunde, sasa 1/150 yatosha, na anayecheza ngoma haonekani kama kivuli.

Hata hivyo, tundu likiwa wazi kabisa, sehemu inayoonekana bayana huwa nyembamba: jicho moja laweza kung'aa na la pili kufifia. Kwa picha ya kundi la watu, ni heri kulipunguza hadi f/4 au zaidi.

Jambo la pili ni ukubwa wa kihisi cha picha. Katika kamera nyingi za bei nafuu, kihisi ni kidogo kuliko fremu ya filamu ya milimita 35. Kwa sababu hiyo, lenzi ya milimita 50 huona eneo ambalo lingeonwa na lenzi ya milimita 75 kwenye Nikon, au 80 kwenye Canon. Hufaa kwa picha za uso, lakini katika sebule ndogo mpigapicha atagota ukutani kabla ya kuienea familia nzima. Hapo milimita 35, au hata 24, hufaa zaidi.

Usikisie. Kila picha ya dijitali huhifadhi urefu wa fokasi uliotumika. Zikague picha zako mia moja za mwisho. Urefu unaojirudia ndio wa kununua.

Aidha, hakikisha lenzi inaoana na kamera. Kamera za Nikon kama vile D40 ya mwaka 2006, D3000 na D5000 hazina mota ya kulenga, hivyo lenzi za zamani za AF-D zitakulazimu kulenga kwa mkono. Tafuta zenye alama ya AF-S. Kwa upande wa Canon, lenzi za EF zina mota zao wenyewe, lakini zile za EF-S hazitoshei kamera zenye kihisi kikubwa.

Kwa kuwa watengenezaji wakuu wamegeukia kamera zisizo na kioo, lenzi nyingi za DSLR sasa hupatikana zikiwa zimetumika. Kabla ya kulipa, mulika ndani kwa tochi. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, adui mkubwa hasa penye unyevu kama pwani. Piga picha kadhaa tundu likiwa wazi, kisha uzikuze uone kama ulengaji ni sahihi.

Fedha hizo hazitapotea utakapobadilisha kamera. Kwa adapta ifaayo, lenzi za EF na AF-S hutumika katika kamera mpya za kampuni hizo hizo.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Nunua lenzi moja inayolingana na kazi yako, uizoee kwa miezi kadhaa, ndipo ufikirie ya pili.