Kuipa nyumba sura mpya: Anza na ukuta, mwanga na hewa kabla ya makochi

SIKUKUU za Idd na Krismasi zinapokaribia, mafundi rangi wa Dar es Salaam huwa na kazi nyingi, na karakana za samani za Keko hupokea wateja kuanzia asubuhi hadi jioni. Kila familia hupenda mgeni atakapobisha hodi aikute sebule ikiwa na sura mpya.

Hata hivyo, mara nyingi furaha hiyo haidumu. Masika yakishapita, rangi iliyopakwa kwa gharama kubwa huanza kututumka na kubambuka karibu na sakafu. Makochi mapya huonekana makubwa kuliko chumba, na jioni wenye nyumba hujikuta wamehamia barazani kwa sababu ndani kuna joto na giza.

Kinachowaponza wengi ni mpangilio wa matumizi. Akiba ya miaka, mkopo wa kazini au hata kiinua mgongo cha mstaafu huishia kwenye seti moja ya makochi na zulia, huku kuta zikiwa mbovu na madirisha yakiwa yamezibwa. Utaratibu wenye faida ni kinyume cha huo: fedha ya kwanza iende kwenye ukuta, ya pili kwenye mwanga na hewa, na samani zifuate mwishoni.

Unyevu hauzuiwi kwa rangi

Nyumba nyingi za mijini hujengwa kwa matofali ya saruji. Tofali hilo lina vinyweleo vinavyovuta maji kutoka ardhini, kama utambi wa kibatari unavyovuta mafuta ya taa. Iwapo juu ya msingi hapakuwekwa karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu, maji hupanda ukutani, hukauka kwenye uso wa lipu na kuacha chumvi. Chumvi hiyo ndiyo ule unga mweupe unaoonekana chini ya ukuta, na ndiyo inayoisukuma rangi mpaka ikabanduka.

Hali huwa mbaya zaidi katika maeneo ya pwani ambako maji ya ardhini yako karibu, au pale ambapo nyumba ilijengwa kwa mchanga wenye chumvi.

Wengi hujaribu kuuficha unyevu kwa rangi ya mafuta. Matokeo yake ni kwamba vinyweleo vya ukuta huzibwa, maji hukosa pa kutokea, na alama ya unyevu hupanda juu zaidi ya pale ilipokuwa. Ndipo msemo wa wahenga kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta unapokuwa kweli tupu.

Hatua ya kwanza ni kutafuta chanzo. Inaweza kuwa bomba linalovuja ndani ya ukuta, maji ya mvua yanayotuama kando ya nyumba, bati lililotoboka, au udongo wa bustani uliojazwa mpaka ukapita kimo cha msingi. Chanzo kikishaondolewa, lipu iliyoharibika ibanduliwe hadi kwenye tofali, kiasi cha nusu mita kupita alama ya unyevu. Ukuta uachwe ukauke, kisha upigwe lipu mpya. Lipu ya saruji nayo isubiri takriban wiki nne kabla ya kupakwa rangi.

Kusubiri huko huwaudhi wengi, hasa sikukuu ikiwa mlangoni. Lakini rangi iliyopakwa juu ya lipu mbichi huishi muda mfupi, na fundi hulipwa mara mbili kwa kazi ileile.

Hatari ya vumbi la rangi kuukuu

Kabla ya kupiga msasa ukuta au mlango wenye rangi ya miaka mingi, kuna tahadhari inayohusu watoto. Baadhi ya rangi za mafuta, hususan zenye kung'aa kama njano na nyekundu, zimekuwa zikitengenezwa kwa kuchanganywa na madini ya risasi. Vumbi lake huingia mwilini kwa kuvutwa au kwa mtoto kulamba vidole, na hudhuru ubongo unaokua.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) nalo linapendekeza kila nchi iweke kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni moja za rangi.

Kwa hiyo rangi kuukuu isipigwe msasa ikiwa kavu. Iloweshwe kwanza, fundi afunike pua na mdomo kwa barakoa inayozuia vumbi, na watoto pamoja na wajawazito wakae mbali mpaka chumba kifutwe kwa kitambaa chenye maji. Kufagia kwa ufagio hulirusha vumbi hilo upya. Wakati wa kununua rangi mpya, mnunuzi asome maandishi ya kopo na kuchagua yenye kuonyesha kwamba haina risasi.

Hesabu ya rangi

Kiasi cha rangi kinaweza kukadiriwa nyumbani bila kumtegemea fundi. Chukua mfano wa sebule yenye urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na kimo cha mita 3. Jumla ya pande zote nne ni mita 18. Zidisha kwa kimo, zinapatikana mita za mraba 54. Ondoa mlango mmoja na madirisha mawili ya kawaida, zinabaki takriban 48.

Lita moja ya rangi ya maji hufunika karibu mita 10 za mraba kwenye ukuta laini, kwa mkono mmoja. Kwa mikono miwili, sebule hiyo itahitaji lita 10 hivi. Ndoo ya lita 20 basi yatosha vyumba viwili vya ukubwa huo. Ukuta wenye lipu ya kukwaruza hunywa zaidi, na ule uliosawazishwa vizuri hunywa pungufu.

Rangi zipangwe kwa uwiano

Wapambaji hutumia kanuni nyepesi ya 60, 30 na 10. Asilimia 60 ya kinachoonekana chumbani iwe rangi moja tulivu, ambayo kwa kawaida ni ya kuta. Asilimia 30 iwe rangi ya pili, ya makochi na mapazia. Asilimia 10 iliyobaki iachiwe rangi kali ya mito, picha au chungu cha maua.

Faida ya kanuni hii iko mfukoni. Mwenye nyumba akichoka na sura ya sebule, hubadilisha ile asilimia 10 tu. Doti moja ya kanga, kwa mfano, yaweza kutoa foronya sita za mito ya kochi yenye sentimeta 45 kila upande. Kwa bei ya doti na ujira wa cherehani, chumba kinapata sura nyingine.

Chumba kidogo au chenye giza hufaidika na kuta nyeupe au za maziwa, kwa kuwa hurudisha mwanga badala ya kuumeza. Kioo kikubwa kikitundikwa mkabala na dirisha huongeza mwanga huo bila kuongeza gharama ya umeme.

Balbu nazo huchaguliwa

Balbu nyingi zinazouzwa madukani hutoa mwanga mweupe wenye kuelekea samawati, unaoandikwa 6500K kwenye kasha. Mwanga huo unafaa jikoni na mezani pa kusomea. Sebuleni na chumbani kwa kulala, mwanga wa 2700K hadi 3000K, unaofanana na wa jua la jioni, hupumzisha macho.

Kuhusu gharama, balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya kizamani ya wati 60. Ikiwashwa saa tano kila siku kwa siku 30, ile ya zamani hutumia uniti 9 za umeme, wakati ya LED hutumia uniti 1.35. Katika nyumba yenye balbu nane, tofauti hiyo hufikia uniti 61 kwa mwezi.

Taa moja katikati ya dari huacha pembe zikiwa na giza. Taa ndogo ya pembeni, iliyowekwa mezani au sakafuni nyuma ya kochi, hukifanya chumba kionekane kikubwa zaidi usiku.

Hewa ipite

Chumba hupoa pale hewa inapopata pa kuingilia na pa kutokea. Dirisha moja lililo wazi halitoshi ikiwa la upande wa pili limezibwa na kabati la vyombo. Katika mwambao, upepo wa kaskazi na wa kusi huvuma kwa majira yake, na ni busara kupanga samani ili madirisha yanayoelekea pande hizo yawe huru.

Mapazia mazito yenye tabaka mbili, ambayo yamekuwa alama ya ukwasi, huzuia upepo pamoja na mwanga. Kitambaa chepesi cha pamba huficha ndani yasionekane na nje huku kikipitisha hewa. Wavu wa mbu nao ufutwe mara kwa mara, kwani vumbi likiganda hugeuka ukuta.

Mitindo mitatu ya kuchagua

Baada ya ukuta, mwanga na hewa ndipo suala la mtindo linapokuja. Mitindo mitatu inaweza kufaa mazingira ya hapa.

Wa kwanza ni wa mwambao. Nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambazo zimo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, zilikuwa na vyumba virefu vyembamba kwa sababu dari zake zilishikwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake ni mdogo. Wajenzi walitibu wembamba huo kwa kuta nyeupe za chokaa na kwa vidaka, yaani matundu yaliyochongwa ukutani ya kuwekea vyombo. Kidaka hakichukui nafasi sakafuni. Leo rafu nyembamba zilizojengwa ndani ya ukuta, pamoja na mkeka wa ukindu na samani chache za mbao zenye nakshi, hutoa sura hiyo katika nyumba ya kawaida.

Wa pili ni wa vitu vichache, uliopata umaarufu kutoka nchi za Skandinavia na Japani. Kila kitu kilichomo chumbani lazima kiwe na kazi, na kisicho na kazi huondolewa. Mtindo huu ndio wenye gharama ndogo, ingawa unahitaji moyo wa kuachana na makabati yaliyojaa vyombo visivyotumika mwaka mzima.

Wa tatu hutumia kazi za mikono za nchini: batiki, vitenge, vikapu, vinyago vya Kimakonde na picha za Tingatinga. Edward Tingatinga, aliyefariki dunia mwaka 1972, alianza sanaa hiyo jijini Dar es Salaam kwa kutumia vipande vya mbao za dari na rangi za baiskeli. Picha moja kubwa ukutani hupendeza kuliko kumi ndogo zilizotawanywa.

Samani mwishoni

Kabla ya kuagiza kochi, mnunuzi atandaze magazeti ya zamani sakafuni kwa vipimo vya kochi analolitaka, kisha aishi nayo siku mbili. Njia ya kupita ibaki na upana wa sentimeta 75 hadi 90, na meza ya kahawa iwe sentimeta 45 hivi kutoka kwenye kochi. Magazeti yakiwa yanakanyagwa kila mara, kochi hilo ni kubwa mno.

Aidha, kochi kuukuu lenye fremu ya mninga au mtiki halistahili kutupwa. Fremu kama hiyo ikitunzwa hudumu miongo, na kinachochoka ni sponji na kitambaa. Kuvibadilisha hivyo viwili kwa kawaida ni nafuu kuliko kununua kochi jipya la mbao laini zilizofichwa ndani ya kitambaa. Mnunuzi wa kochi jipya naye aombe kuiona fremu kabla haijafunikwa.

Mpangaji na nyumba ya mwenzie

Mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima hukabiliwa na swali gumu: atengeneze nyumba isiyo yake, au avumilie? Kazi za ukuta na bomba ni vema zijadiliwe na mwenye nyumba kabla hazijaanza, na makubaliano ya kukata gharama kwenye kodi yaandikwe na kusainiwa na pande zote mbili. Ahadi ya mdomo huwa ngumu kuithibitisha mkataba unapokwisha.

Fedha iliyobaki mpangaji aielekeze kwenye vitu atakavyohama navyo: balbu, mapazia, mikeka, taa za pembeni, vioo na rafu zisizojengewa ukutani.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sebule inayopambwa kwa ajili ya sikukuu moja humfurahisha mgeni wa siku hiyo. Yenye ukuta mkavu, mwanga wa kutosha na upepo unaopita humponya mwenyeji pia, siku zote za mwaka.