Bakteria wa udongoni wanaopigana na kuvu wa tungule

Mfangano, kaunti ya Homa Bay, ni kisiwa cha mlima ndani ya Ziwa Victoria. Mvua ikinyesha, kilichonyunyizwa shambani huteremka ziwani, na watu hunywa maji na kula samaki wa ziwa hilo hilo. Kwa mkulima wa huko, kuzuia kuvu bila sumu kali si anasa. Nasi wa pwani tunaolima karibu na visima tusidhani jambo hili haligusi kwetu.

Kuvu msumbufu wa tungule (nyanya, kwa wenzetu wa bara) ni Fuzari. Hukaa udongoni miaka mingi, huingilia mizizini na kuziba mishipa ya maji. Majani ya chini hugeuka manjano, mara nyingi upande mmoja, kisha mmea hunyauka. Kunyunyizia majani hakumfikii.

Hapo ndipo anapofaa Bacillus subtilis, bakteria wa udongoni aliyepewa jina hilo na Mjerumani Ferdinand Cohn mwaka 1872. Hula utamu unaovuja mizizini, akatandaza utando na kumnyima kuvu nafasi. Hutoa pia kemikali, kama iturini, zinazotoboa ngozi ya seli za kuvu, na huamsha kinga ya mmea wenyewe. Mambo yakiwa magumu hujifungia ndani ya ganda linalostahimili ukavu na joto, ndiyo maana huweza kuuzwa akiwa unga. Mwenzake, Pseudomonas fluorescens, hana ganda hilo, kwa hivyo kumhifadhi dukani ni kazi.

Wauzaji wengine humsifu kupita kiasi. Huyu ni mlinzi, si tabibu: mmea ulioziba mishipa hauponyi. Apakwe kwenye mbegu, au miche ichovywe mizizi kabla ya kuhamishwa. Pakiti iwekwe kivulini, isichanganywe na dawa ya shaba ila lebo ikiruhusu, na iwe na namba ya usajili wa PCPB, bodi ya serikali inayosimamia dawa za mimea.

Kabla ya kutoa pesa, kata shina la mmea unaonyauka ulining'inize ndani ya glasi ya maji safi. Ukishuka uzi mweupe kama maziwa, ugonjwa ni wa bakteria, si kuvu. Maji yakibaki safi na shina likawa la kahawia ndani, shuku Fuzari, na mmea huo uung'oe na kuuchoma.