Herufi za Bima ya Wazee wa Marekani

Tarehe 30 Julai 1965, Rais Lyndon Johnson alikwenda mji wa Independence, Missouri, akatia saini sheria ya Medicare mbele ya Harry Truman, rais mstaafu aliyewahi kupigania bima ya afya akashindwa. Truman ndiye aliyepewa kadi ya kwanza. Wengi hudhani kwamba tangu siku hiyo Mmarekani akifikisha miaka 65 hutibiwa bure. Sivyo. Kwa kawaida Medicare hulipa asilimia 80 ya gharama za daktari, na 20 zilizobaki ni za mgonjwa, bila kikomo. Akilazwa hospitalini hutoa kwanza fedha zake mwenyewe: dola 40 mwaka 1966, dola 1,632 mwaka 2024.

Pengo hilo likazaa biashara ya bima ya nyongeza, iitwayo Medigap, na hapo wazee wakaliwa. Kila kampuni iliandika mkataba kwa maneno yake, hata mtu aliyesoma hakuweza kulinganisha miwili. Mawakala waliwatia wazee hofu, wakawauzia bima ya pili na ya tatu juu ya ile waliyokuwa nayo. Mwaka 1978 kamati ya Bunge chini ya Claude Pepper, mwenyewe mzee wa miaka 78, iliyaanika hayo. Sheria ya 1980 ikafuata, lakini iliacha mengi kwa hiari ya kampuni. Kwangu mimi, huko ni kumwachia fisi bucha.

Mwaka 1990 Bunge liliamuru mipango iwe 10 tu, A hadi J, ikaanza kuuzwa 1992. Mpango F wa kampuni hii ukawa na mafao yaleyale ya F wa kampuni ile. Mzee akabaki kuuliza bei. Kumuuzia mtu Medigap juu ya Medigap kukapigwa marufuku.

Hata hivyo, kifungu kizito kuliko herufi zote ni cha miezi 6. Mtu aliyefikisha miaka 65 na kujiunga na sehemu B ya Medicare hawezi kukataliwa wala kupandishiwa bei kwa ajili ya ugonjwa wake. Miezi hiyo ikipita, katika majimbo mengi kampuni huruhusiwa kumuuliza habari za sukari na moyo, kisha kumkataa.

Jambo hili linatugusa sisi Warundi. Baadhi ya ndugu zetu waliokimbia mwaka 1972 walihamishiwa Marekani kutoka kambi za Tanzania kuanzia 2007, na wapo waliokwisha kufikisha 65. Wakimbizi wengi wasiojua siku yao ya kuzaliwa huandikishwa tarehe 1 Januari. Kwa hesabu ya Medicare, aliyezaliwa tarehe 1 huanza haki yake mwezi mmoja kabla. Basi mzee huyo akijiunga kwa wakati, miezi yake 6 huanza Desemba, si Januari.